Maana ya Kumchagua Rais kwa Kura ya Moja kwa Moja

Mwanakijiji wa Liwale au Tandahimba humpigia kura mwenyewe mwenyekiti wa kijiji chake. Mwenyekiti wa halmashauri ya wilaya hampigii. Mwanakijiji humchagua diwani, kisha madiwani hukaa na kumchagua mwenyekiti miongoni mwao. Meya wa Mtwara-Mikindani naye hupatikana hivyo hivyo. Waziri Mkuu yuko mbali zaidi na mpiga kura: watu wa Ruangwa walimchagua Kassim Majaliwa kuwa mbunge, lakini uwaziri mkuu aliupata mwaka 2015 kwa kuteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge.

Rais wetu wa Tanzania hapatikani kwa njia hiyo. Kila mpiga kura nchini hupewa karatasi ya wagombea urais, kura zote zinajumlishwa katika kapu moja la taifa, na aliyeongoza anatangazwa. Hiyo ndiyo kura ya moja kwa moja: hakuna mjumbe, diwani wala mbunge anayesimama kati ya mwananchi na matokeo, na kura ya mvuvi wa Kilwa Kivinje ina uzito uleule wa kura ya mfanyabiashara wa Kariakoo.

Si kila nchi inafanya hivyo. Afrika Kusini na Botswana, rais huchaguliwa na wabunge. Angola, tangu katiba ya mwaka 2010, anayeongoza orodha ya chama kilichoshinda uchaguzi wa Bunge ndiye anayekuwa rais. Lakini mfano unaobishaniwa kuliko yote ni wa Marekani.

Mmarekani akipiga kura ya urais, kisheria anawachagua wajumbe wa jimbo lake, na wajumbe hao ndio wanaomchagua rais. Wako 538, na mshindi anahitaji 270. Kila jimbo lina wajumbe sawa na idadi ya wabunge na maseneta wake, na kwa kuwa kila jimbo lina maseneta wawili, hata liwe dogo vipi haliwezi kuwa na wajumbe chini ya watatu. Wyoming, yenye watu wasiofika laki sita, ina wajumbe 3. California, yenye watu zaidi ya milioni 39, ina 54. Piga hesabu: mjumbe mmoja wa Wyoming anabeba watu chini ya laki mbili, wa California anabeba zaidi ya laki saba.

Kuna jambo kubwa kuliko hilo. Katika majimbo 48, anayeongoza hata kwa kura chache huchukua wajumbe wote wa jimbo. Ni Maine na Nebraska tu zinazogawa. Mwaka 2000 Al Gore alipata kura nyingi kuliko George W. Bush nchi nzima, kwa zaidi ya laki tano, lakini Bush akaingia Ikulu kwa sababu alimzidi kura 537 katika jimbo la Florida. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 2.9, akashindwa.

Wanaoutetea utaratibu huo husema unayalinda majimbo madogo yasimezwe na makubwa. Hoja hii inatugusa watu wa kusini, maana Lindi ina watu karibu milioni 1.2 na Mtwara milioni 1.6, wakati Dar es Salaam imepita milioni 5.3 kwa sensa ya 2022. Mimi hainishawishi. Dar es Salaam yote haifiki hata sehemu moja ya kumi ya Watanzania, kwa hiyo hakuna anayeweza kuupata urais kwa kura za jiji hilo peke yake. Na tungetumia utaratibu wa Marekani, mgombea aliyepata asilimia 51 hapa Lindi angebeba Lindi nzima. Wale 49 waliobaki wangekuwa kama hawakupanga foleni. Mkoa ungelindwa, watu wake wakapotea.

Ipo njia bora ya kuwalinda wadogo bila kufuta kura ya mtu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47.

Hapo ndipo penye swali ambalo kura ya moja kwa moja hailijibu yenyewe: kura ngapi zinatosha? Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, aliposhinda urais mwaka 1995, Katiba ilidai zaidi ya nusu ya kura halali, naye alipata asilimia 61.8. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 yaliondoa sharti hilo. Tangu hapo inatosha kumzidi kila mpinzani. Wagombea wakiwa wanne wenye nguvu, mtu wa asilimia 30 anaweza kuwa rais halali huku watu saba kati ya kumi wakiwa wamemkataa. Rasimu ya Katiba mpya, iliyoandaliwa na tume ya Jaji Joseph Warioba, ilipendekeza zaidi ya nusu irudishwe, na naamini ilikuwa sahihi.

Kikwazo kinachotajwa ni gharama ya duru ya pili, yaani kurudi kupiga kura pale ambapo hakuna aliyevuka nusu. Ni kweli ingekuwa nzito: tunapiga kura Oktoba, hivyo marudio yangeangukia Novemba, minada ya korosho ikiwa imepamba moto. Lakini duru ya pili hufanyika pale tu inapolazimu. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, Msumbiji wana sheria hiyo ya zaidi ya nusu, na tangu uchaguzi wao wa kwanza wa vyama vingi mwaka 1994 hawajawahi kuingia duru ya pili.