Programu sambamba na gridi: chuoni wanafundisha nini hasa?

Programu ya kawaida inafanya kazi hatua moja baada ya nyingine. Programu sambamba ni ile iliyokatwa vipande vinavyofanyika kwa wakati mmoja, kila kipande kikiwa na kori yake, yani kitengo kimoja cha kufanya hesabu ndani ya prosesa (ubongo wa kompyuta), au hata na kompyuta yake kabisa. Maana ni hiyo tu, ila kukata ndo kasheshe, na karibu semista nzima inaishia hapo hapo kwenye kukata.

Zamani watu hawakujisumbua sana na haya mambo kwasababu kila prosesa mpya ikitoka ilikuwa na spidi zaidi, programu yako ileile inakimbia bila wewe kugusa kitu. Ikafika mahali joto likawashinda watengenezaji, mwaka 2004 kampuni ya Intel wakaifuta prosesa yao iliyoitwa Tejas na 2005 wakaanza kuuza zenye kori mbili. Leo simu tu ina kori nane, lakini kama programu umeiandika kizamani inatumia moja na zile saba zinakutazama.

Sasa kitu cha kwanza mwanafunzi anapigwa nacho ni hesabu ya Gene Amdahl wa IBM, ya mwaka 1967. Chukua programu inayotumia masaa 10, na humo ndani saa 1 haigawanyiki kwa namna yoyote, labda ni kusoma data mwanzoni na kuunganisha majibu mwishoni. Ukiwa na kori 8 yale masaa 9 yanashuka hadi saa moja na dakika 7 hivi, jumlisha na ile saa sugu unapata masaa mawili na dakika 7, yani umeongeza spidi mara 4.7 wakati ulilipia kori 8. Haya leta kori 1000, masaa 9 yanakuwa nusu dakika, lakini ile saa moja ipo palepale, spidi mara 9.9. Leta milioni, kumi hufiki! Kwahiyo kabla ya kuomba mashine kubwa tafuta kwanza hiyo saa sugu iko wapi. John Gustafson wa maabara ya Sandia akaja kujibu 1988, akasema mtu akipewa mashine kubwa haendi kufanya kazi ileile ndogo, anabeba kazi kubwa zaidi, na sehemu sugu inazidi kuwa kiduchu ukilinganisha na jumla. Wote wawili wako sahihi, inategemea swali lako ni lipi.

Balaa la pili ni pale vipande viwili vinapogusa kitu kimoja. Kuna namba imehifadhiwa, 10, kipande A kinaisoma kikitaka kuongeza 1, kabla hakijaandika na B nacho kimesoma 10, wote wanaandika 11. Ilitakiwa 12. Mbaya zaidi ukirudia programu saa nyingine inatoa jibu sahihi, ndo maana hizi bagi (makosa ndani ya programu) zinatesa mno, unaiita timu ije kuona na bagi yenyewe inajifanya haipo. Dawa ni kufuli, anayeandika amalize ndo mwingine aingie, ila kufuli zikizidi umerudi kwenye foleni ya mmoja mmoja.

Zana za darasani ni mbili kubwa. OpenMP, iliyoanza 1997, ni ya kori zinazotumia memori moja, unaweka mstari mmoja juu ya kitanzi, yani sehemu ya programu inayojirudia, na kazi inagawanyika. MPI ya 1994 ni ya kompyuta zisizo na memori ya pamoja, zinatumiana ujumbe, na hapo utakutana na programu iliyoganda kwasababu huyu anamsubiri yule atume na yule naye anamsubiri huyu.

Gridi ni hatua ya mbele zaidi. Klasta, yani kundi la kompyuta zilizounganishwa kufanya kazi pamoja, ni ya mwenye mali mmoja na kwa kawaida iko chumba kimoja, gridi inaunganisha mashine za taasisi tofauti, pengine nchi tofauti. Ian Foster na Carl Kesselman ndo waliolisukuma wazo hili miaka ya 90, mfano wao ukiwa gridi ya umeme, unachomeka tu bila kujua umetoka bwawa lipi. Kiuhalisia ugumu wake mwingi ni wa kiutawala: nani aruhusiwe kuingia, kazi ya nani itangulie, mashine ya watu ikizima katikati ya kazi yako inakuwaje. Gridi inayojulikana zaidi ni ya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, ina vituo kama 170 kwenye nchi zaidi ya 40, na data iliyofichua chembe ya Higgs mwaka 2012 ilichambuliwa humo.

Vifaa visiwe kisingizio. Mwaka 1994 pale NASA Goddard, Thomas Sterling na Donald Becker waliunga kompyuta 16 za kawaida kwa waya za mtandao wa kawaida wakaita Beowulf, na hiyo staili ndo imeenea dunia nzima. Hata mashine kuukuu ni mali, kompyuta kuu ya Texas iliyoitwa Ranger ilipostaafishwa 2013 sehemu ya makabati yake ilipelekwa Cape Town ili igawiwe vituo vya Afrika Kusini, Botswana na Tanzania. Mimi ningeanza na laptopu ya mwanafunzi mwenyewe, ajumlishe namba mia tu kwa kori moja kisha kwa nane, apime muda. Nane zitachelewa, kwasababu kuziamsha na kuziratibu kunakula muda kuliko kujumlisha kwenyewe, halafu aongeze namba mpaka aone ni wapi nane zinaanza kushinda.