Wavae nini siku ya utamaduni?

Swali hilo limeingia tena kwenye grupu la wazazi, mara ya nne muhula huu. Safari hii limekuja na picha: mtoto wa darasa la awali kafungwa kaniki, kapakwa chokaa usoni, kashikishwa kibuyu ambacho hakijawahi kuona maji. Chini yake mzazi kaandika, "Na michezo ya asili iwepo mwalimu, wajue maisha ya zamani."

Michezo ipo. Ila mtoto akishacheza mdako nusu saa amejua mdako, basi. Maisha ya zamani hajayagusa.

Tuanze na hilo neno. "Zamani" kwa mtoto wa miaka mitano ni gunia: humo mna juzi, mna dinosaria, mna Nyerere, mna bibi akiwa mdogo, wote wamelala pamoja. Na sisi wakubwa ndio tunaolijaza. Chukua mpira wa chandimu. Kila mwaka unaletwa kama urithi wa mababu, umesokotwa kwa mifuko ya rambo. Mababu gani hao waliokuwa na rambo? Mpira ule ni wa utoto wangu mimi, na mimi bado nakatwa mkopo wa chuo kwenye mshahara! Babu alicheza wa matambara na majani makavu ya mgomba. Halafu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, kwa hiyo hata huo wangu umeshakuwa historia. Wanafunzi nilionao sasa walizaliwa baada ya hapo.

Ndiyo maana naingia darasani na mipira mitatu, na neno "zamani" naliacha mlangoni. Huu wa babu, huu wa mwalimu, huu wako. Wanaipiga yote, wanaona upi unadunda na upi unafumuka. Kisha tunasokota wa mgomba wenyewe. Inakula asubuhi nzima, na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, siku hiyo inasubiri.

Bao nisisumbuliwe nalo. Mashimo 32, kete 64, unaanza kunamua na kete 22 mkononi: hiyo ni kazi ya wazee wa barazani, na mtoto wa awali akipewa komwe anaitia mdomoni. Wachimbieni mashimo machache mchangani wahesabu vijiwe, inatosha. Rede na kombolela, ruksa. Ila wakumbusheni kwamba kombolela ilinoga kwenye mbalamwezi kwa sababu mchana kulikuwa na mbuzi wa kuchunga na maji ya kuteka. Anayesema watoto wa enzi hizo "walikuwa wanacheza tu" hajawahi kumhoji mama yake.

Sasa kinu. Hiki ndicho kinachonipandisha presha, kwa sababu kila shule inacho, kitupu, cha kupigia picha. Mimi natia mahindi niliyoyanyunyizia maji, nawapa michi myepesi niliyochongesha kwa fundi, nawasimamisha wawili wawili. Mwaka jana nilimwalika bibi wa mmoja wao. Alinitazama nikionyesha, akavumilia kidogo, akashindwa.

"Mwalimu, huko si kutwanga. Huo ni ugomvi."

Akaninyang'anya mchi. Wake ukishuka, wa mtoto uko juu. Wa mtoto ukishuka, wake uko juu, na puani anatoa kisauti cha kushikia zamu. Mtoto aliyeshika zamu haraka kuliko wote, kuliko hata mimi, ni yule bingwa wetu wa michezo ya makofi: wako, wangu, wako, wangu. Siwezi kuapa kwamba makofi yale yalizaliwa kinuni. Lakini tangu siku hiyo makofi huyatanguliza, ndipo wanashika mchi.

Baada ya mapigo kama ishirini mtoto mmoja akachungulia kinuni. "Unga uko wapi?"

Bibi akacheka mpaka akakaa chini. "Unga? Hapa tunakoboa tu, mjukuu wangu." Bado kupepeta, kuloweka, kuanika, kutwanga tena, kuchekecha. Watoto wakatazamana. Viganja vilikuwa vyekundu.

Hapo ndipo somo lilipoingia, na hapohapo likaniharibikia. Kabinti kamoja kakaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi alikuwa maskini?" Nikababaika. Nikamwambia kijijini kwao mashine ya kusaga ilikuwa mbali. Nahisi alitoka pale na huruma kuliko maarifa, na kosa ni langu. Halafu kuna wavulana. Nawatwangisha wote, maana siwezi kuwaambia wakae watazame. Lakini bibi aliniambia wazi kwamba kwao mwanamume hakugusa mchi. Kwa hiyo naifundisha historia huku naipinda. Bado sijapata njia ya kulieleza hilo kwa mtoto wa miaka mitano bila kumchanganya, na mwaka huu nitaipinda tena.

Basi, wavae nini? Fulana zilizochakaa, zile mnazodekia. Kaniki ya kukodi rudisheni. Na mwenye mgomba nyumbani atuletee majani, yale makavu ya chini. Mabichi yanateleza, hayafungiki.