Buraki si farasi

Mwezi wa Rajabu ukifika, hasa usiku wa 27 ukikaribia, picha ile ile huanza kusambazwa kwenye simu: farasi mweupe mwenye mabawa mapana mabegani, na chini yake maneno "farasi wa Mtume". Buraki ni mnyama aliyepandwa na Mtume Muhammad (s.a.w.) usiku wa Israa, kutoka Makka hadi Baitul Muqaddas (Yerusalemu). Aya ya kwanza ya sura ya 17 ya Qurani inaitaja safari hiyo bila kumtaja mnyama. Sifa zake tunazipata kwenye hadithi, na humo hakuna farasi.

Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, katika mkusanyo wa hadithi wa Imamu Muslim, anaeleza kwamba alikuwa mnyama mweupe, mrefu wa mwili, mkubwa kuliko punda na mdogo kuliko nyumbu, anayeweka kwato yake pale macho yake yanapoishia. Nyumbu anayetajwa hapa si yule wa Serengeti. Ni baghala, mtoto wa punda dume na farasi jike. Kwa hiyo kimo kimepimwa kwa wanyama wawili ambao kila msafiri wa Hijazi, eneo la Makka na Madina, aliwajua, na farasi hakutumika hata kama kipimo.

Hilo si jambo dogo, na wanazuoni waliliona mapema. Ibn Hajar wa Misri, aliyefariki mwaka 1449, aliandika katika ufafanuzi wake wa mkusanyo wa hadithi wa Bukhari kwamba umbo hilo lina hekima: kupanda kule kulikuwa kwa amani na usalama, si kwa vita na hofu. Akataja na sababu ya pili, kwamba muujiza unadhihirika zaidi kasi ile inapotoka kwa mnyama asiyejulikana kwa mbio. Ukimfanya farasi, hoja zote mbili zinaanguka. Farasi zama zile ndiye chombo cha vita, na mbio zake hazimshangazi mtu.

Na mabawa je? Hadithi ya Muslim inazungumzia hatua na kwato, haitaji kuruka popote. Mabawa yamo kwenye Sira, yaani wasifu wa Mtume, ya Ibn Ishaq kama alivyoihariri Ibn Hisham, lakini yako mapajani, mawili, na kazi yake ni kuisukuma miguu ya nyuma. Anayeyachora mabegani, kama ya tai, amechora mnyama mwingine. Uso wa mwanamke na taji vilienezwa na wachoraji. Mfano maarufu ni hati ya Miraji, yaani kupaa kwa Mtume mbinguni, iliyochorwa Herat (Afghanistan ya leo) karibu mwaka 1436, ambayo sasa iko Paris. Ni kazi nzuri mno ya mkono, ila rangi za mchoraji hazina isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi.

Tirmidhi, mkusanyaji mwingine wa hadithi, ameongeza jambo zuri. Buraki aliletwa akiwa na tandiko na lijamu, akawa mkaidi kupandwa. Jibrili akamwambia kwamba hajapata kupandwa na aliye mtukufu zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko huyu, naye akatiririkwa na jasho. Walipofika Baitul Muqaddas, kwa riwaya ya Anas, alifungwa kwenye pete waliyofungia Manabii. Hudhaifa, sahaba mwingine, alilikataa hilo la kufungwa: afungwe kwa nini, kwani angekimbia?

Kosa jingine ni kusema kwa yakini kwamba Buraki aliruka hadi mbinguni. Kwa Ibn Ishaq, kupanda mbinguni kulikuwa kwa ngazi, na ngazi hiyo ndiyo miraji yenyewe. Wanaompeleka Buraki mbinguni wanategemea riwaya moja ya Bukhari inayosimulia safari kwa mfululizo bila kutaja kushuka. Wana pa kushikia, lakini wasiifanye kauli pekee.

Mtume alikuwa na farasi wake halisi, akiwemo Sakbu, na nyumbu aitwaye Duldul, zawadi ya Mukaukisi, mtawala wa Misri. Mwenye jina la mabawa ni Dhuljanaha, farasi wa Imamu Husein, mjukuu wa Mtume, katika mapokeo ya vita vya Karbala. Yeye ni farasi kweli, na mabawa yako kwenye jina tu. Picha nyingi zimemchanganya huyu na Buraki.

Basi mwalimu wa madrasa akiulizwa na mtoto, amwambie: mnyama mweupe, juu ya punda, chini ya nyumbu. Akitaka kutaja mabawa, aseme ni ya mapajani, na aseme ameyatoa kwenye Sira.