Je, wajua? Dola hukaa muda gani mtaani kwa Wamarekani Weusi?

Huenda umeshakutana na takwimu hii: dola moja hukaa siku 30 katika jamii ya Wamarekani wenye asili ya Asia, siku 20 hivi kwa Wayahudi, na saa 6 tu kwa Wamarekani Weusi. Imekaririwa makanisani, kwenye mikutano ya wafanyabiashara na kwenye kampeni za kuhimiza watu wanunue kwa Weusi, kiasi kwamba kuihoji huonekana kama kuipinga kampeni yenyewe.

Waliojaribu kuifuata hadi kwenye utafiti ilikotoka wameambulia patupu. Ukitulia kidogo utaona sababu. Ili kupata saa hizo, mtu angelazimika kuifuata kila noti na kujua asili na dini ya kila aliyeishika. Tena malipo mengi hayana noti yoyote ya kufuata: ni kadi, hundi na makato ya mshahara. Jedwali la namna hiyo lingekuwa kazi ya ajabu kweli, na aliyelitengeneza asingesahaulika jina.

Hata hivyo, kasoro kubwa iko kwenye kipimo. Noti iliyofichwa chini ya godoro mwaka mzima imekaa mtaani siku 365 bila kumfaa hata muuza nyanya. Cha kuuliza ni imepita mikono mingapi kabla ya kutoka. Chukua mfereji unaoshuka mlimani kupitia mashamba ya watu. Hakuna mkulima anayeuliza tone limekaa shambani saa ngapi. Wanachotaka kujua ni maji yamefika kwa nani. Kingo zikivuja sana, shamba la kwanza linalowa, la pili linapata tope, la tatu linasikia habari. Zikizibwa, maji yaleyale, bila kuongezwa hata debe, yanafika mpaka bondeni.

Kwa tarakimu ni hivi. Mteja analipa dola 100, na kila anayepokea pesa anatumia mtaani humohumo 20 katika kila 100. Zile 100 huzaa 20, kisha 4, kisha senti 80, na mauzo ya mtaa mzima huishia kwenye dola 125. Kila mmoja akitumia 50 badala ya 20, jumla inafika 200. Ni hesabu ya mfano tu; mtaa halisi hauna uwiano mmoja kwa watu wote.

Sasa ingia saluni. Mteja amemlipa msusi Mweusi, na kampeni imefanikiwa. Lakini kodi ya pango inakwenda kwa mwenye jengo, ambaye huenda anaishi jimbo jingine. Nywele za bandia nyingi zinatoka China, na huko Marekani biashara hiyo kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Korea. Bado bima, umeme na makato ya kadi. Kinachobaki kwa msusi ndicho chenye nafasi ya kuzunguka, nacho jioni kinaweza kuishia kwenye supamaketi ya kampuni kubwa.

Akina mama wa Detroit waliuona uvujaji huu mapema. Juni 1930, Fannie Peck, mke wa mchungaji wa Bethel AME, kanisa la Wamethodisti Weusi, alikusanya wanawake 50 wakaanzisha Housewives' League, umoja wa akina mama wa nyumbani. Mdororo Mkuu, lile anguko la uchumi la miaka ya 1930, ulikuwa umeshaanza na viwanda vya magari vinapunguza watu. Badala ya kuchangishana mtaji, walitazama kapu la sokoni: kwa hesabu yao, mwanamke ndiye anayeshika asilimia 85 ya matumizi ya familia. Uanachama ulikuwa ahadi ya mambo matatu: kununua kwenye maduka ya Weusi, kununua bidhaa zinazotengenezwa na Weusi, na kuwatumia madaktari na mawakili Weusi. Ahadi ya pili ndiyo ya kijanja. Inapita kaunta na kumfuata mwenye duka mpaka kwa anayemuuzia mzigo, mahali ambapo kampeni nyingi za leo hazifiki. Katikati ya muongo ule walikuwa wamefika takriban 10,000, na hawakuwa wateja wa huruma: walidai bei nzuri na huduma ya heshima.

Ushahidi ulio imara zaidi hauhusu mzunguko wa pesa bali ajira. Mchumi Timothy Bates alionyesha kwamba biashara za Weusi huajiri zaidi wafanyakazi Weusi, hata zikiwa nje ya mitaa ya Weusi. Hilo linahesabika kwenye orodha ya mishahara, bila kukimbizana na noti.

Mtaa wa Hastings, uti wa mgongo wa biashara za Weusi Detroit, uliondolewa kupisha barabara kuu ya Chrysler mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Wateja walikuwepo, na maduka yalikuwepo. Ila wengi wa wenye maduka walikuwa wapangaji, kwa hiyo fidia ya jengo ilikwenda kulekule ilikokuwa ikienda kodi kila mwezi.