Waya wa 6 kwenda bodi ndogo: ampea si hesabu yote

"Waya wa 6 unabeba ampea 40, weka popote." Usemi huu una ukweli nusu. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 6 (hiyo 6 ni eneo la mkato wa waya, si unene wake) hubeba kiasi hicho ikiwa imebanwa wazi ukutani. Ikipita kwenye bomba au ikibanana na kebo nyingine, joto halitoki vizuri na uwezo hushuka.

Kinachosahaulika zaidi ni umbali. Kebo hiyo hupoteza takriban milivolti 7.3 kwa kila ampea, kwa kila mita. Kwenda na kurudi kumeshahesabiwa humo. Chukua bodi ndogo (kisanduku cha breka kinacholishwa na bodi kuu) ya banda la uani, mita 50 kutoka bodi kuu, mzigo ampea 32: 7.3 × 32 × 50 = milivolti 11,680, yaani volti 11.7. Kwa umeme wa volti 230 hiyo imezidi asilimia 5, na bado hujafika kwenye taa. Kanuni za Uingereza, BS 7671, hupendekeza upotevu usizidi asilimia 3 kwa taa na 5 kwa matumizi mengine, tangu umeme unapoingia hadi kwenye kifaa. Kebo ya 10 hupoteza volti 7. Ya 16, volti 4.5. Asilimia 3 ya volti 230 ni volti 6.9, kwa hiyo hapa tungefunga ya 16.

Kuongeza ukubwa wa breka hakusaidii. Breka hulinda waya, haipandishi volti. Tena waya mwembamba mrefu una ukinzani mkubwa: shoti ikitokea mwisho wake, mkondo huenda usitoshe kuiangusha breka upesi, na waya ukaendelea kuchemka.