Damu inayovilia kifuani baada ya kuanguka mkarafuuni

Msimu wa karafuu ukiingia Pemba, sisi wa upasuaji tunajua wataletwa watu. Tawi limekatika, au mguu umeteleza kwa umande wa asubuhi, na mchumaji amekuja chini kwa ubavu. Aliyevunjika mguu huletwa saa ile ile, maana mguu uliopinda kila mtu anauona. Ninayemhofia zaidi ni yule aliyeinuka, akajipangusa, akasema ni ubavu tu, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Huyu huletwa siku ya tano au ya sita, anahema juu juu, kulala chali hawezi, na wenyewe nyumbani wanasema ana kichomi.

Kichomi hicho mara nyingi ni damu. Pafu limevikwa utando mwembamba, na ukuta wa kifua kwa ndani umevikwa utando kama huo. Baina ya tando hizo kuna majimaji kidogo ya kulainisha, kiasi cha vijiko viwili hadi vinne vya chai. Ubavu ukivunjika, ncha yake huchana mshipa unaopita chini yake au hulichoma pafu lenyewe. Damu inamwagika ndani, haina pa kutokea, na kadiri inavyojaa ndivyo pafu linavyosukumwa na kusinyaa. Mwili wa mtu mzima una damu kama lita 5, na upande mmoja tu wa kifua unaweza kuchukua lita 3. Mtu anaweza kumaliza damu yake bila ya tone moja kuonekana kwenye nguo. Mara nyengine na hewa nayo hutoka kwenye pafu lililotoboka ikakaa pale pale.

Kwa nini siku ya tano? Mshipa uliochanika huweza kujiziba kwa donge la damu. Kikohozi kikali au kubeba gunia hulifungua donge hilo, na damu ikaanza tena, pengine hata wiki mbili baada ya kuanguka. Kwa hiyo picha safi ya eksirei ya siku ya kwanza isikufanye ukapuuza pumzi inayozidi kuwa fupi siku ya nne. Khasa wazee, na wale wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda: hao warudi hospitali hata kwa dalili ndogo. Kwa yeyote, kuhema haraka, kizunguzungu, jasho la baridi, midomo kubadilika rangi au kukohoa damu ni mambo ya kwenda nayo Abdalla Mzee, Chake Chake, Wete au hospitali yoyote iliyo karibu usiku huo huo, si asubuhi.

Daktari ataanza kwa mikono na masikio. Tukigonga kifua kwa vidole, penye hewa hulia kama ngoma. Penye damu sauti huwa nzito, kama kugonga gunia lililojaa. Kisha picha ya eksirei. Tunapomwomba mgonjwa akae au asimame apigwe picha, ilhali ana maumivu, jamaa huona tunamtesa. Sababu ni kwamba akiwa wima damu hushuka chini ya pafu na huonekana ikifika mililita 200 au 300. Akilala chali hutandaa nyuma ya pafu lote, na hata lita nzima inaweza kutupita. Asiyeweza kuinuka, altrasaundi humfuata kitandani na huona kiasi kidogo zaidi.

Wakati mwengine tunavuta kidogo kwa sindano, na rangi hutwambia mengi. Nyekundu nzito ni damu. Nyeupe kama maziwa ni mfereji wa mafuta ya chakula uliopasuka kifuani. Maji ya manjano hutufanya tutafute jengine, kwani kifua kikuu na maradhi ya moyo nayo hujaza maji, na pengine yalikuwepo kabla ya kuanguka.

Damu ikiwa kidogo, mgonjwa hupewa dawa ya maumivu, huangaliwa, na picha hurudiwa. Ikiwa nyingi, anahitaji mpira wa kifua, na hapa ndipo tunapopoteza muda mwingi na jamaa, kwa kuwa mitaani husemwa aliyetiwa mpira hadumu. Walio wengi hawahitaji matibabu makubwa kuliko huo mpira. Hupigwa sindano ya ganzi ubavuni, chini kidogo ya kwapa, kisha mpira wenye unene wa kidole kidogo hupitishwa baina ya mbavu. Upande wa pili huingia kwenye chupa yenye maji, ncha ikizama kama sentimita 2, ili damu na hewa vitoke lakini hewa ya nje isirudi. Maji yakipanda na kushuka kwa pumzi, msishituke: mpira unafanya kazi.

Zikitoka mililita 1500 kwa mara moja, au 200 kila saa kwa saa kadhaa, hapo kuna mshipa usiojifunga na mgonjwa huenda chumba cha upasuaji. Akipelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, anayemsindikiza ajue mambo mawili. Chupa ibaki chini ya kifua muda wote, kwenye gari ya wagonjwa na kwenye boti, isiwekwe mapajani wala juu ya kitanda. Na mpira usibanwe ati maji yasimwagike. Hewa ikikosa njia hukandamiza pafu na moyo, na mtu hufa katikati ya bahari. Mpira ukichomoka, ziba tundu kwa kitambaa safi na mwite muuguzi papo hapo. Mwenye hewa kifuani na hajatiwa mpira asipande ndege, kwani angani hewa hiyo hutanuka.

Damu iliyoganda ikaachwa humo hugeuka usaha, au hujenga gamba gumu likalifunga pafu. Ndiyo maana tunapenda kuisafisha ndani ya wiki ya kwanza. Ndiyo maana pia nawaomba wazee wangu: kifua kilichoumia kisichuliwe, kisipigwe chuku wala hijama, kisikazwe kwa kanga. Kuchua husogeza ncha za mfupa, chuku haifiki iliko damu, na kanga huzuia pumzi mtu akapata homa ya mapafu. Anywe dawa ya maumivu kwa wakati, avute pumzi ndefu mara kwa mara, akohoe huku amekumbatia mto.

Mpira hutolewa pafu likishajaa, viputo vya hewa kwenye chupa vikikoma na damu ikishuka chini ya mililita 200 kwa siku. Mbavu huchukua kama wiki sita kushika. Kabla ya hapo asipande mkarafuu wala mnazi, na mvuvi anayezamia asirudi chini ya maji mpaka aruhusiwe na daktari aliyemtibu.