Natafuta oksijeni Mwezini, si dhahabu

Nikitaja kazi yangu hapa Nairobi, watu huniuliza tutaanza kuchimba dhahabu angani lini. Mimi natafuta oksijeni.

Sababu ni uzito. Injini ya roketi inayotumia haidrojeni na oksijeni huchoma takriban kilo sita za oksijeni kwa kila kilo moja ya haidrojeni. Ukiipata oksijeni huko huko Mwezini, sehemu kubwa ya mzigo wa safari ya kurudi umeshautua, hata kama haidrojeni yote umeibeba kutoka duniani.

Na iko tele: zaidi ya asilimia 40 ya uzito wa udongo wa Mwezi ni oksijeni, ila imeshikamana na silikoni, chuma, alumini na titani. Njia ninayoipenda ni kupasha moto udongo wenye ilmenaiti, madini yenye chuma, titani na oksijeni, hadi karibu nyuzi 900 za selsiasi huku ukipitisha haidrojeni. Haidrojeni hunyakua oksijeni iliyoshikana na chuma, unatoka mvuke wa maji, kisha umeme huyatenganisha maji hayo. Oksijeni inaingia tangini, haidrojeni inarudi tanurini. Mavuno yake ni madogo. Kuyeyusha udongo wote na kuupitishia umeme kungetoa mengi zaidi, lakini joto hilo hula chombo chenyewe.

Kwenye Mirihi jambo hili limeshathibitishwa. Kifaa cha MOXIE, ndani ya Perseverance, gari la utafiti la NASA, kilitengeneza gramu 5 hivi za oksijeni kutoka kaboni dioksidi ya hewa ya huko Aprili 2021, na kufikia 2023 jumla ilikuwa gramu 122. Kidogo, ndiyo, lakini hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwenye sayari nyingine.

Mwezini adui ni vumbi. Hakuna upepo wala maji ya kulainisha kingo za chembe, kwa hiyo hubaki kali kama vigae vya chupa. Zinanata kwa umeme tuli, zinaingia kwenye vali, zinakwangua sili, yaani vizibo vinavyozuia gesi isivuje. Wanaanga wa Apollo walipata shida ya kufunga mavazi yao barabara baada ya siku chache tu. Sasa fikiria tanuri ambalo mlango wake lazima ufunguke na kufungwa maelfu ya mara, bila kuvujisha gesi, na fundi hayupo.

Hapo ndipo naiona nafasi yetu. Yale mabaka meusi usoni mwa Mwezi ni basalti, na milima ya Chyulu hapa Kenya nayo ni ya basalti. Hazifanani kwa kila kitu, kwani ya Mwezini haina maji na mara nyingi ina titani nyingi zaidi. Kwa kujaribu vali, hata hivyo, basalti ya kwetu iliyosagwa inatosha kuanzia. Vali yenyewe inaweza kukerezwa kwenye karakana za Kariobangi, hapa Nairobi. Kwa hiyo wanafunzi wa uhandisi wanaoniandikia wakitaka kujua Kenya itarusha roketi yake lini, nawarudisha kwenye sili: tunahitaji inayostahimili joto, inayokubali kukwaruzwa, na isiyotegemea mpira wala mafuta.